Laki tano na karatasi ya kusaini

*"Shikamoo wakili. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 26, anauza vifaa vya simu Kariakoo kwenye duka la mtu. Wiki tano zilizopita bosi alimtuma apeleke mzigo kwa mteja Kimara, akapanda bodaboda. Gari dogo likatoka barabara ya pembeni bila kusimama, likawagonga. Dereva wa boda alichubuka tu, ila mdogo wangu alivunjika mguu chini ya goti, akafanyiwa upasuaji na kuwekewa chuma. Hakuwa amevaa helmeti. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, tulichukua siku ya pili yake, maana usiku ule tulikuwa tunahangaika na mgonjwa. Sasa mwenye gari, ambaye ndiye alikuwa anaendesha, amekuja nyumbani mara mbili na mjomba wake. Ameleta laki tano na karatasi iliyochapwa, inasema tumemalizana na hatutakuwa na madai mengine. Anasema bima yake ni ile ndogo, hailipi watu, na kesi ikifika mahakamani atalipa faini na sisi hatutaona hata mia. Mama anataka tupokee, anasema hakuna anayepanga ajali. Hospitali tunadaiwa. Na mdogo wangu mwenyewe amebadilika: akisikia honi anashtuka, usiku halali, barabarani hataki kufika. Tufanyeje?"*

Marahaba, dada, na poleni sana. Mfikishie pole mdogo wako pia, na mama.

Nianze na lile linalowakaba sasa hivi: karatasi ile msiisaini. Hela mnaweza kuipokea, lakini kwa karatasi nyingine, na nitakuandikia hapa chini iwe na maneno gani. Kama mdogo wako amekwishasaini kabla hujasoma jibu hili, usikate tamaa. Itafute nakala, uende nayo kwa wakili uso kwa uso, kwa sababu namna ilivyosainiwa na hali aliyokuwa nayo siku hiyo vinaweza kubadilisha mambo.

Simwoni huyo dereva kuwa tapeli. Wengi wanaokuja na mjomba na bahasha wanaogopa kwelikweli: wanaogopa leseni, wanaogopa mahabusu, na hawaijui bima yao wenyewe. Amefika nyumbani mara mbili wakati wengine huzima simu, na hilo ni la kumshukuru. Ila hofu yake imemfanya awaambie mambo mawili yenye ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowahusu ninyi.

La kwanza ni hilo la faini. Ajali ya namna hii huzaa kesi mbili zisizotegemeana. Moja ni ya jinai, chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, na mlalamikaji ni Jamhuri, siyo familia yenu. Hapo mdogo wako ni shahidi. Dereva akipatikana na hatia akapigwa faini, ile faini inaingia serikalini, na kweli hamtaiona. Hakimu ana mamlaka ya kuamuru mshtakiwa amlipe fidia aliyeumia, lakini msijenge nyumba juu ya hilo. Kesi ya pili ni ya madai, na hiyo ndiyo yenu: mdogo wako anamdai fidia dereva na mmiliki wa gari kwa uzembe. Kwenu dereva na mmiliki ni mtu mmoja, mna bahati. Magari mengi anayeendesha ni mmoja na jina kwenye kadi ni la mwingine, na hapo inabidi kuonyesha pia kwamba dereva alikuwa akiendesha kwa shughuli ya mmiliki.

Sasa tazama mahali kesi hizo mbili zinapogusana, kwa sababu dereva wenu hakuligusa. Sheria ya Ushahidi inasema mtu akishatiwa hatiani katika kesi ya jinai, na muda wa rufaa ukapita, hukumu ile ni uthibitisho usiopingika kwamba kosa alilitenda. Kwa hiyo akisimama mbele ya hakimu wa trafiki akakiri, akalipa faini yake akaondoka, amewaachia silaha kubwa kuliko hiyo laki tano. Swali la nani alikosea, ambalo lingeweza kuwachukua miezi ya kubishana, linakuwa limekwisha. Kinachobaki ni kiasi. Ndiyo maana nakushauri ufuatilie kesi ya trafiki hata kama unaambiwa haiwahusu: jua namba ya RB (namba ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi), jua askari mpelelezi ni nani, jua kesi inatajwa lini na mahakama gani. Hukumu ikitoka, omba nakala iliyothibitishwa na mahakama.

La pili ni "bima ndogo". Hapa watu wengi wamepotoshwa, na wenye magari ndio wa kwanza. Bima kubwa na bima ndogo hutofautiana katika kulipa gari la mwenye bima. Ile ndogo, ya laki moja na kitu, haimtengenezei bampa lake. Lakini kuwalipa watu wengine waliouawa au kujeruhiwa na gari lake ndiyo kazi yake hasa. Ndiyo sababu sheria ya bima za magari, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye gari awe nayo kabla ya kuingia barabarani. Mdogo wako ndiye mtu ambaye bima hiyo ilikatwa kwa ajili yake, na dereva hajui kwamba anataka kulipa mfukoni deni ambalo amekwishamlipa mtu alibebe.

Kuhakiki ni rahisi. Mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima unapatikana kwenye intaneti. Unaingiza namba ya gari, unaona kama lina bima, ya kampuni gani na inaisha lini. Fanya hivyo leo, piga picha ya kioo cha simu, uitunze. Kinachokuhusu ni kama bima ilikuwa hai siku ya ajali. Kisha ipelekee kampuni hiyo barua ya taarifa: nani aliumia, lini, wapi, gari namba gani, jalada la polisi namba gani. Bakiza nakala yenye mhuri wao wa kupokea. Msingoje mwenye gari awapelekee. Yeye anatakiwa kutoa taarifa, lakini wengi hawatoi. Na mkija kufungua kesi mahakamani, kampuni ijulishwe kwa maandishi kabla kesi haijaanza, kwa sababu kukosekana kwa taarifa ni mojawapo ya milango ambayo bima huitumia kukwepa kulipa hukumu.

Watakudai nyaraka. Zilizo za kawaida ni PF3, ripoti ya polisi ya ajali ambayo wengi huiita PF90, mchoro wa eneo la ajali, ripoti ya ukaguzi wa magari, nyaraka za hospitali na risiti. Umeniuliza kiaina kuhusu PF3 ya siku ya pili. Haijaharibika. Majeruhi wa dharura anatakiwa kutibiwa kwanza, fomu ifuate, na mlichofanya ndicho alichotakiwa kufanya mtu yeyote mwenye mgonjwa anayevuja damu. La muhimu ni kwamba daktari ameijaza na ameandika aina ya jeraha na ukubwa wake. Kabla haijarudi polisi, toa kopi pande zote mbili. Nyuma ndiko daktari anakoandika, na nimeletewa kopi nyingi za upande wa mbele peke yake.

Sasa nikueleze kwa nini laki tano hata ingekuwa milioni tano bado ningekuambia usisaini wiki hii. Mfupa wa chini ya goti uliowekewa chuma, wiki tano, hakuna daktari atakayekuapia umefika wapi. Huenda ukaunga vizuri akarudi dukani baada ya miezi kadhaa. Huenda ukachelewa kuunga. Kidonda kinaweza kupata maambukizi akarudishwa chumba cha upasuaji. Huenda chuma kikahitaji kutolewa baadaye, na hiyo ni gharama mpya. Huenda mguu ukabaki mfupi kidogo au kifundo kikakaza. Yote hayo sheria inayahesabu, lakini kwa mtu ambaye hajafunga mlango. Karatasi inayosema "hatutakuwa na madai mengine" inaufunga kwa hali ya leo, na hali ya leo ndiyo haijulikani. Ngojeni daktari aseme hali imetulia, halafu muombe ripoti inayotaja kama kuna ulemavu wa kudumu na ni asilimia ngapi. Hiyo asilimia ndiyo itakayobishaniwa na kampuni ya bima kuliko kitu kingine chochote.

Muda mnao, ila si wa kulala. Madai ya uzembe kama haya yana ukomo wa miaka 3 tangu ajali. Mtu akikuambia "tulia, tutaongea, tutaongea" hadi mwaka wa tatu unaisha, mazungumzo hayasimamishi saa.

Fidia yenyewe ina sehemu mbili, na inabidi uzielewe kwa sababu zinathibitishwa tofauti. Kuna fidia mahususi: fedha zilizotoka na mapato yaliyokatika. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba hizi lazima zitajwe moja moja na zithibitishwe kikamilifu. Kusema "tulitumia kama milioni tatu hivi" hakutoshi, hata kama hakimu anakuona una machozi ya kweli. Halafu kuna fidia ya jumla, ya maumivu, ya ulemavu, ya maisha yaliyobadilika. Hii hakimu anaikadiria mwenyewe akizingatia ushahidi wa daktari na wenu.

Basi nenda katafute bahasha ngumu. Ndani yake weka kila risiti: dawa, picha za eksirei, magongo, bajaji ya kumpeleka kliniki. Zile risiti za mashine za EFD zina karatasi inayofifia. Ukiziacha kwenye pochi miezi minne zinabaki nyeupe kabisa, nimeona wateja wakikunjua karatasi tupu mbele ya hakimu. Toa kopi siku hiyohiyo, piga na picha. Bajaji haitoi risiti, kwa hiyo muombe dereva akuandikie kwenye daftari: tarehe, kutoka wapi kwenda wapi, kiasi, jina, namba ya simu, sahihi. Na mdogo wako aandike, au akuambie uandike, anavyojisikia kila wiki: maumivu, usingizi, kitu alichoshindwa kufanya. Baada ya mwaka na nusu hakuna atakayekumbuka.

Kuna sentensi moja umeipita mbio, nami nairudia: bosi alimtuma. Kama mdogo wako ameajiriwa, hata bila mkataba wa maandishi, na aliumia akitekeleza alichotumwa kazini, hiyo ni ajali ya kazi. Tanzania Bara kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao waajiri wote, wakiwamo wa sekta binafsi, wanatakiwa kujisajili na kuuchangia, mfanyakazi hakatwi. Mfuko hugharamia matibabu, hulipa sehemu ya mshahara mtu anapokuwa hawezi kufanya kazi, na hulipa ulemavu wa kudumu ukithibitika. Hapa hakuna haja ya kuonyesha nani alikosea barabarani. Inatosha kwamba aliumia akiwa kazini. Taarifa inatakiwa kufika ndani ya miezi 12 tangu ajali. Mwambie bosi kwa maandishi, kwa adabu, ujumbe wa simu ukiwa pamoja na barua. Akisema hajasajili duka, hilo ni kosa lake, siyo la mdogo wako. Nendeni ofisi ya WCF mkaeleze. Najua ni zito, huyu ni bosi, na kazi Kariakoo hazipatikani kirahisi. Uamuzi ni wenu. Ninachosema ni kwamba kati ya milango yote niliyoitaja, huu unaweza kufunguka mapema zaidi, na kuupitia hakumzuii kumdai mwenye gari, ingawa halipwi mara mbili kwa hasara ileile.

Kuhusu helmeti, upande wa pili watalitaja, uwe tayari. Kutovaa hakumnyimi haki. Kunachoweza kufanya ni kupunguza kiasi, pale ambapo kutovaa kumechangia jeraha. Aliumia mguu. Helmeti haivaliwi mguuni, na wakili wenu aseme hivyohivyo.

Mnaweza pia kujiuliza kuhusu bima ya bodaboda. Kwa maelezo yako kosa ni la gari, kwa hiyo elekezeni nguvu huko. Ila chukueni jina na namba ya pikipiki na ya dereva wake. Huyo ndiye shahidi wenu mkuu, na watu wa boda huhama kijiwe.

Sasa nipime nanyi njia zenyewe bila kuwapamba. Mahakama ni ndefu. Kuna kuahirishwa, kuna nauli, kuna shahidi asiyetokea, na hata ukishinda kuna kukazia hukumu, yaani kurudi mahakamani ili ulipwe kweli. Sitaki mtu aingie akidhani ni miezi mitatu. Njia ambayo madai mengi ya namna hii huishia ni katikati: nyaraka zinakamilika, barua ya madai inakwenda kwa mwenye gari na bima yake, wanajadiliana, kampuni inatoa kiasi, na mdogo wako anasaini hati ya kukubali malipo na kufunga madai. Hapo sasa kusaini kuna maana, kwa sababu unajua unachofunga. Kampuni ikikataa bila sababu ya maana au ikikuzungusha, kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambayo ni rahisi kuifikia kuliko mahakama.

Na kumalizana nyumbani nako sikulaani. Jeraha likiwa dogo, daktari akishasema mtu amepona, risiti zikajumlishwa na zikalipwa pamoja na siku alizokosa kazi, kusaini ni busara kuliko kupanda ngazi za mahakama miaka miwili. Mama yako ana haki yake hapo: hakuna anayepanga ajali, na kudai fidia si kumlaani kijana wa watu. Mweleze kwamba mnaiomba bima iliyolipiwa, hamuuzi shamba la mtu.

Kwa hiyo dereva akirudi, mpokeeni vizuri, na mumwambie mnaomba msaada wa matibabu. Karatasi iandikwe hivi:

*"Mimi (jina) nimepokea shilingi 500,000 kutoka kwa (jina), mmiliki wa gari namba (namba), leo tarehe (tarehe), ikiwa ni mchango wa gharama za matibabu ya jeraha nililopata katika ajali ya tarehe (tarehe). Malipo haya ni sehemu tu, na hayafuti wala kufunga haki yangu ya kudai fidia."*

Asaini mdogo wako, siyo wewe wala mama. Yeye ni mtu mzima na dai ni lake. Asaini na dereva, na shahidi mmoja kila upande. Nakala mbili. Baadaye kiasi hicho kitakatwa kwenye fidia, na ni haki. Akikataa kutoa hela bila ile karatasi yake, basi mmekosa laki tano mkabaki na dai zima.

Jihadhari na vishoka. Watu hao huzunguka wodi za mifupa na vituo vya polisi, wanajua jina la mgonjwa kabla hujawatajia, wanaahidi mamilioni, wanaomba PF3 halisi na sahihi ya mgonjwa. Nyaraka halisi zisitoke mkononi mwenu bila maandishi. Wakili wa kweli unaweza kumhakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, na makubaliano ya malipo yake yawe ya maandishi tangu siku ya kwanza. Kama hamna uwezo wa kumlipa, ulizieni msaada wa kisheria: Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Chama cha Mawakili Tanganyika, TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), au dawati la Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia inapofika mkoani kwenu. Msaada huo upo kisheria tangu 2017, siyo hisani ya kuombea samahani.

Deni la hospitali: usilikimbie, maana mnahitaji kliniki na mnahitaji ripoti ya daktari. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali hiyohiyo, mweleze kipato, omba kulipa kidogo kidogo au kupunguziwa. Ndiyo kazi yake, na watu wengi hawajui hata mlango wake uko wapi.

Mwisho, mdogo wako mwenyewe. Mimi ni mwanasheria, lakini nimekaa na majeruhi wengi kiasi cha kutolipuuza hili. Kushtuka kwa honi, kukosa usingizi na kuogopa barabara katika wiki za mwanzo ni mwili kubaki katika tahadhari, na kwa wengi hupungua wenyewe. Ikipita mwezi na bado iko vilevile au inaongezeka, inahitaji matibabu kama mguu unavyohitaji. Ninyi mna wiki tano. Kwenye kliniki ijayo ya mifupa, mwambieni daktari waziwazi na muombe rufaa kwenda kitengo cha afya ya akili. Kuna tiba ya mazungumzo kwa ajili ya watu waliopitia ajali, na inasaidia. Msimlazimishe kusimulia ajali kila mgeni anapokuja, wala msimpe vidonge vya usingizi vya kununua dukani. Akianza kusema hana haja ya kuishi, au kunywa pombe ili alale, msingoje tarehe ya kliniki. Mpelekeni siku hiyo hiyo. Na ombeni iandikwe kwenye faili. Hofu iliyothibitishwa na daktari ni sehemu ya dai, na kampuni ya bima haiwezi kuihesabu kama haimo kwenye karatasi.

Ukishahakiki bima na kupata namba ya jalada, tafuta wakili umwone ana kwa ana kabla mwezi huu haujaisha. Nenda na bahasha, nenda na mdogo wako kama anaweza kukaa kwenye gari. Kama bado hawezi, waulize kama wakili anaweza kuja nyumbani, wengine huja.